Barua kwa mwanangu: Kule tulikokuwa tukienda Jumamosi

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe na ameanza tena kwenda shamba. Kaskazi imeshika, joto limekuja nayo, na embe zimejaa sokoni mpaka zinaoza kwenye matenga.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya lile neno ulilolisema kwenye simu. Umesema wewe na mumeo mnaishi kama wapangaji wa nyumba moja: yeye kazini, wewe kazini, Jumamosi kufua, Jumapili wageni. Halafu ukaniuliza, "Hivi mama, wewe na baba mlikuwa mnakwenda wapi zile Jumamosi, mkiniacha na bibi?" Sikukujibu palepale. Jambo hili ni refu, tena ningependa ulisome ukiwa peke yako, mumeo naye alisome baada yako.

Ulikuwa ukilia sana, nakumbuka. Ulikuwa ukishika kanga yangu mlangoni, na bibi yako ndiye aliyekuwa akikubandua, akisema, "Nendeni, huyu ni wangu leo." Allah amrehemu. Wakwe wengi wangenuna kuona mke wa mtoto wao anapanda nyuma ya baiskeli na kikapu, anakwenda kutembea na mumewe kama wachumba. Yeye ndiye aliyekuwa akitufungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa.

Unaijua ile nyumba ya Ngamiani. Kuta zake haziendi mpaka juu. Ukikohoa chumba cha mbele, mtu wa chumba cha uani anakupa pole. Walikuwamo shangazi zako, watoto wa shule waliotoka Pangani, mgeni mmoja au wawili ambao hakuna aliyejua wataondoka lini. Sikuichukia nyumba ile, na nilipendwa mle. Lakini baba yako na mimi tulioana tukiwa hatujuani sana, na ndani ya nyumba ile tusingejuana kamwe. Tulikuwa tukiongea habari za unga, mafuta ya taa na ada, tena kwa sauti ya chini. Mtu huwezi kumwambia mumeo yaliyo moyoni huku shangazi anasikiliza na kuitikia.

Ndipo baba yako akaja na shauri lake. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba mpaka kabla masika hayajapiga, mvua hakuna na bahari imetulia. Akasema Jumamosi za kiangazi tutakuwa tukitoka, sisi wawili tu.

Tulianza karibu, kwa baiskeli, kama ilivyo ada ya mji wetu. Safari ya kwanza ilikuwa mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kwa njia ya Mombasa. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia Tanga na sijapata kuingia mle! Tulishuka na kijana mwenye tochi, tukapita palipokuwa pembamba kwa ubavu, popo wakitupita juu ya kichwa. Kuna mahali watu bado huja kuomba na kuacha sadaka zao. Yule kijana akatusimulia hadithi inayosimuliwa miaka yote, kwamba mbwa aliingia humo akatokea Kilimanjaro. Akazima tochi ili tuone giza lenyewe. Baba yako akanishika mkono. Nikwambie ukweli, mama, ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono mbele ya mtu mwingine, na yule mtu hakuweza kutuona.

Baadaye tukaenda Tongoni, kusini kwenye njia ya Pangani, kilomita kama 20. Hapo ndipo miguu ya baba yako ilipofanya kazi, maana barabara ilikuwa ya vumbi. Kuna gofu la msikiti na makaburi kama 40 ya wazee wa karne ya 15 hivi. Nguzo nyingi zimeanguka, na mahali vilipokuwa vimepachikwa vyombo vya Kichina pamebaki matundu tu. Mimi nilikuwa nikifundisha historia darasa la sita, nikamweleza kwamba Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498, na aliporudi kutoka India mwaka 1499, mabaharia wake wamekufa wengi kwa maradhi, akaichoma meli yake moja karibu na hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mbona nyumbani huwa huongei hivi?" Nikamjibu, "Nyumbani nani ananiuliza?" Tangu siku ile akawa ananiuliza. Hata leo, tukiwa kwenye basi, ananiuliza jina la mlima.

Sasa nikwambie habari ya Maziwe, maana ndiyo uliyopata kuisikia nusunusu kwa shangazi yako, naye aliongeza chumvi.

Maziwe ni kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, ndani kabisa baharini. Hakina mti hata mmoja. Wazee wa Pangani wanakumbuka kilipokuwa na mivinje na kivuli, wavuvi wakilala huko, kasa wakipanda kutaga. Bahari ikakila kidogo kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Siku hizi maji yakijaa kisiwa kinazama, yakipwa kinatokea. Kwa hiyo ukienda lazima uende kwa hesabu ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi, na hapo mchanga unakuwa mpana, mweupe, na maji pembeni yako wazi mpaka unaona matumbawe.

Tulilala Pangani Ijumaa, asubuhi tukaondoka na mashua ya mashine, nahodha na kijana wake na sisi wawili. Tulifika salama. Niliogelea na kanga yangu, baba yako akakaa kwenye maji ya magoti akiniangalia. Nikamwita aje. Akakataa. Nikamwita tena. Ndipo akaniambia kwamba hajui kuogelea, yeye mtoto wa pwani, kwa sababu kaka yake alizama akiwa mdogo na bibi yako akamkataza kabisa bahari. Mimi nilikuwa katika nyumba ile miaka, mwanangu, na habari ya kaka huyo sikuwahi kuisikia. Hakuna aliyekuwa akimtaja. Tulikaa juu ya ule mchanga, jua linatuchoma, akanisimulia yote: jina lake, alivyokuwa akimbeba mabegani, siku yenyewe. Niliona mume wangu akilia na sikusema neno. Alimaliza, akanawa uso kwa maji ya bahari, tukala mkate wa bibi yako.

Wakati wa kurudi mashine ikazima. Nahodha akaifungua, akaifunga, akavuta kamba mpaka mkono ukachubuka. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeshaanza kukaza, na Pangani iko upande unakotoka upepo. Akatweka tanga dogo alilokuwa nalo, akasema Pangani hatufiki, tunashuka Ushongo. Maji yakawa yanaingia kwa ubavuni. Kijana akanipa kopo, akampa baba yako kopo, tukafua maji. Mtu asiyejua kuogelea, aliyezikiwa ndugu yake na bahari ileile, alifua maji bila kuinua kichwa na kila mara akiniuliza, "Uko sawa?" Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Nakuandikia hivi kwa kuwa u mtu mzima sasa na una mume.

Tulishuka Ushongo jua limeinama. Familia moja ya wavuvi ikatupa chumba, uji wa moto na nguo kavu, na hawakutaka hata senti. Wakati ule simu za mkononi hatukuwa nazo, kwa hiyo bibi yako hakulala. Jumapili tulipanda lori la nazi mpaka Bweni, tukavuka mto kwa pantoni, tukafika Ngamiani usiku na chumvi imetukauka mwilini. Bibi yako alimkumbatia baba yako muda mrefu. Alikuwa amejua tulikokwenda, na nadhani alijua pia tulichoongea, kwa kuwa mwezi ule ndipo alipoanza kumtaja mwanawe kwa jina wakati wa dua.

Ushongo tumerudi mara nyingi tangu hapo. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, tuliona watoto wa kasa wakitoka. Kasa bado hupanda Maziwe kutaga, lakini maji yakijaa mayai huzama, kwa hiyo wahifadhi huyahamisha mpaka pwani ya Ushongo na kuyafukia pale hadi yaanguliwe. Wale watoto walitembea wenyewe mpaka majini, wadogo kuliko kiganja. Baba yako alisimama akawazuia kaa kwa fimbo.

Safari za milimani sitazieleza zote. Amani ni kijani na unyevu, bustani ya miti iliyopandwa na Wajerumani tangu 1902, na vinyonga wenye pembe ambao mimi sikutaka hata kuwaona. Lakini Lushoto lazima nikueleze, kwa sababu kule ndiko ulikosomeshwa bila wewe kujua.

Ilikuwa mwaka ule shamba la mkonge alilokuwa akifanya kazi baba yako lilipofungwa. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokamua majani na kutoa nyuzi. Alikuwa akiipenda kazi ile. Alikuwa akipenda kusimulia jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoleta miche ya mkonge mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 mkoa mzima ukajaa. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 200,000. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakaanza kuota pori. Akapewa kiinua mgongo. Mama, pesa ile ilikuwa haijafika mkononi tayari imeshagawanywa na watu uani: bati za huyu, mahari ya yule, biashara ya mwingine. Baba yako alikuwa kimya. Akirudi anakula, anageukia ukutani.

Nikasema, tunakwenda Lushoto. Tukapanda basi mpaka Mombo, tukabadilisha gari, tukapanda kona za Soni, baridi inaingia dirishani na mimi sina hata sweta. Kesho yake tukatembea kwa miguu mpaka Irente, kwenye lile jabali linaloning'inia juu ya bonde. Chini kabisa ukiangalia unaona tambarare ya Mazinde na Mombo, na mistari ya mkonge. Baba yako alisimama pale akitazama mashamba aliyoyatumikia, yako chini yake, mengine yameshakuwa vichaka. Ndipo akasema, "Umri wangu wote uko pale chini." Akaniambia anaogopa. Akaniambia hawezi kuwakatalia ndugu zake uso kwa uso, lakini akiwagawia tutabaki na mtoto bila kitu. Tuliongea mpaka jua likageuka. Tuliposhuka tulikuwa tumekubaliana: bati za bibi yako tutanunua, kwa sababu nyumba inavuja, kilichobaki chote kinakwenda kwenye shamba la michungwa Muheza, na mimi ndiye nitakayewaambia ndugu. Nikawaambia. Wengine walininunia mpaka Ramadhani mbili zikapita. Machungwa yale ndiyo yaliyokulipia bweni na chuo.

Mwanangu, maneno yale hayangesemwa Ngamiani. Nina hakika nayo kama ninavyojua jina langu. Ndiyo maana tulikuwa tukikuacha unalia mlangoni, na ndiyo maana nikizaliwa tena nitakuacha hivyohivyo.

Usiniambie Dodoma hakuna bahari. Sikwambii habari ya bahari, wala ya pesa: nauli ya Lushoto tuliidunduliza, na Amboni tulikwenda kwa miguu ya baba yako. Wageni wa Jumapili waambie hampo, na kweli msiwepo. Na simu zenu mzizime, maana siku hizi watu wa uani mnatembea nao mfukoni.

Mkija Desemba, wajukuu wangu waacheni kwangu, walie wanavyotaka. Nimeshaongea na nahodha, mtoto wa yule wa kwanza, ana mashine mbili sasa na maboya ya kuvaa kwa kila mtu. Chukueni maji ya kunywa mengi, kofia, na kanga mbili za kujifunika, maana kisiwani hakuna kivuli. Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, na saa sita ikifika muwe mmeshapanda chomboni, hata kama mumeo ataona bado mapema. Siku za bamvua haziningoji mimi wala nyie, kwa hiyo nitumie tarehe za likizo yenu wiki hii nikamwekee nahodha nafasi.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako
Tanga