Pomboo wa ufukweni si kitoweo

Mhariri,

Kazi yangu ni kupara samaki hapa Nungwi. Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikwama pwani yetu, watu wakateremka na visu. Sisemi wale walikuwa na maradhi. Lakini tangu 1994 wataalamu wamekuta bakteria wa brusela katika pomboo waliokwama Scotland, ndugu wa wale wa ng'ombe wanaoleta homa zisizokatika na maumivu ya viungo. Pomboo mwenyewe, bakteria hao humvimbisha ubongo, humharibia mimba. Yupo na bakteria mwingine wa pomboo, erisipelothriksi, huyo huingia kwenye mkono uliochanika. Na mpara samaki gani hana mchaniko? Idara ya uvuvi itubandikie bango hapa dikoni, itupe na glavu. Mzoga ukionekana, aitwe daktari wa mifugo kwanza.

Mpara samaki,
Nungwi, Unguja