Wauza spea, "mota 550" ni kopo tu: tuandikieni na volti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wauza spea za umeme hapa Mbeya juu ya mota ndogo wanazotuuzia kwa jina moja tu, "mota 550". Jina hilo limeniunguzia bodi ya stelingi ya kompyuta, ule usukani wa kuendeshea magari ya kwenye skrini, na tangu yanikute wamekuja kwangu Uyole vijana wanne wenye tatizo lile lile, mmoja akiwa ametoka Mbalizi na mfuko wa vyuma vilivyokwishafunguliwa.

Nimeendesha malori miaka 26, Dar es Salaam hadi Tunduma, na safari nyingine nikivuka hadi Lusaka na Ndola. Mgongo ulipokataa, mwaka 2019, nikashuka. Mpwa wangu akaniletea kutoka Dar stelingi iliyotumika, Logitech G27, ile yenye pedeli tatu na gia ya mkono ya hatua sita. Ndani ina mota mbili. Kompyuta inapiga hesabu matairi ya mbele yanafanya nini barabarani, kisha inaamuru mota ziuvute usukani mikononi mwako. Ukikata kona, usukani unakuwa mzito. Ukiulegezea, unarudi kati wenyewe. Matairi ya mbele yakianza kuteleza, ule uzito unatoweka ghafla.

Wepesi huo wa ghafla ndio ulionifanya niithamini stelingi hii. Dereva aliyepita na mzigo barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, mvua za Rungwe zikiwa zimekolea, anaujua. Macho hayajaona kitu, lori bado liko kwenye njia yake, lakini viganja vimeshapata habari. Jioni vijana wa mtaani wanaotaka kuwa madereva huja kukaa kwenye kile kiti changu. Siwaambii kwamba watakuwa madereva humo chumbani. Mteremko wa Mlima Nyoka haufundishwi chumbani, wala wa Kitonga. Ila kijana anaweza kujifunza pale kutokung'ang'ania usukani, kuuacha urudi wenyewe na kuusikiliza kwa viganja, bila roho ya mtu kuwa hatarini.

Sasa stelingi yetu ilikuwa imechoka. Ikitumika nusu saa inapata joto, nguvu inapungua, kijana anakata kona kali kwa vidole viwili kana kwamba amebeba pamba. Hiyo ni hatari, kwa sababu inamfundisha uongo. Nikaamua kubadilisha mota, tena niweke kubwa zaidi. Binti yangu, anayesoma uhandisi wa umeme pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, aliniambia kwa simu, "Baba, nisubiri Jumamosi tuzipime kwanza." Laiti ningemsubiri.

Nilikwenda duka la spea mjini, mota ya zamani mkononi. Muuzaji akaitazama, akavuta boksi. "Mzee wangu, hii yako ni 550. Na hizi ni 550 pia, lakini hizi ni za drili, zina nguvu hatari." Kopo, yaani ganda la nje, lilikuwa sawasawa, matundu ya skrubu sawasawa, shafti sawasawa, ile ya milimita 3.17. Mahali pa karatasi ya maelezo palibaki gundi kavu tu. Mtu alikuwa ameibandua. Nikalipa shilingi 50,000 kwa mota mbili.

Kuzifunga kulinichukua siku nzima, na kwa atakayejaribu naomba aniazime sikio hapa. Gia ndogo ya mota imeshindiliwa kwenye shafti. Usiing'oe kwa bisibisi, tafuta gereji pula ndogo, kile kifaa cha kung'olea gia. Na kwenye shafti ya mota mojawapo kuna kisahani cha plastiki chenye vijitundu, ambacho jicho la taa linakisoma ili bodi ijue usukani umezunguka kiasi gani. Kisahani hicho hupasuka kirahisi sana. Kikiwa na ufa, usukani unapoteza katikati yake, unanyoosha gari nalo linakwenda upande. Watu wengi wanailaumu mota kumbe ni huo ufa.

Nikarudisha kila kitu, nikachomeka umeme. Stelingi hii ikiwashwa hujizungusha yenyewe kutoka mwisho huu hadi ule kujipima. Safari hii ilitetemeka kidogo, ikasimama, halafu ikaja harufu. Kila fundi anaijua harufu ile. Sehemu ya bodi inayopeleka umeme kwenye mota ilikuwa imekufa.

Jumamosi binti akaja na mita yake. Alichonieleza mezani siku ile ndicho ninachotaka kila muuza spea akijue, hata kama anauza mota moja kwa mwaka.

Namba 550 inataja ukubwa wa kopo: kipenyo karibu milimita 36, urefu karibu 57. Basi. Haisemi volti, haisemi nguvu, haisemi waya uliozungushwa ndani. Ndani ya kopo hilo hilo kiwanda kinaweza kuzungusha waya mnene mizunguko michache, au waya mwembamba mizunguko mingi. Ya kwanza inakwenda kasi mno na kunywa umeme mwingi. Ndiyo ya drili ya betri, na nyingine za jamii hiyo zimo kwenye yale magari ya watoto ya kupanda ya volti 12. Ya pili inakwenda polepole, lakini kwa kila ampea moja inayopewa inatoa nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha. Kwa nje ni pacha.

Na stelingi haihitaji kasi. Hili lilinichukua muda kulielewa, maana tumezoea kudhani mota kali ni ile inayovuma. Mota ya stelingi muda mwingi haizunguki kabisa. Inashikilia. Umekata kona ndefu, mkono wako unavuta huku, yenyewe inavuta kule, shafti imesimama palepale na umeme unapita. Mota iliyosimama hainywi umeme kama ile inayozunguka. Inakunywa mwingi zaidi, kwa sababu mota inayozunguka huzalisha umeme wake wa kupinga ule unaoingia, na ikisimama upinzani huo haupo. Kinachobaki kuuzuia umeme ni waya wenyewe tu.

Binti akagusanisha ncha mbili za mita, ikasoma omu 0.3 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme), hizo ni nyaya za mita yenyewe, lazima uzitoe kwenye hesabu. Akapima mota ya drili, ikasoma 0.6. Ukitoa 0.3 inabaki 0.3. Adapta ya stelingi ni ya volti 24. Akaandika kwenye karatasi: 24 gawanya kwa 0.3, ampea 80. "Baba, adapta yako haifiki hata ampea mbili." Mota za zamani alipozipima, ukinzani wake ulikuwa mara kadhaa zaidi ya hapo. Sikuwa na swali jingine.

Nasisitiza kwamba mota zile hazikuwa mbovu. Ukizirudisha kwenye drili, kwa betri yake, zitatoboa mninga. Kosa ni kwamba niliuziwa kopo bila kuambiwa kilichomo, na mimi nikanunua kopo bila kuuliza.

Fundi mmoja wa Mwanjelwa aliifufua bodi kwa shilingi 35,000, kazi safi. Mota mpya tuliagiza Kariakoo, zikaja kwa basi: kopo lile lile, lakini karatasi haijabanduliwa, imeandikwa volti 24, na mzunguko wake kwa dakika ni mdogo kuliko za drili. Kabla ya kuzifunga tulipima ukinzani tukalinganisha na za zamani. Tulipuliza unga wa kaboni uliojaa kila pembe, tukafunga feni ndogo kutoka kompyuta iliyokufa ielekee kwenye makopo. Grisi tuliweka ile nyeupe ya gia za plastiki, kidogo tu. Usiweke grisi ya beringi za lori kwenye gia za plastiki. Na hata hiyo nyeupe, asubuhi za mwezi Juni hapa Uyole inaganda, zungusha usukani kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha.

Matokeo niyaseme kama yalivyo. Stelingi ina nguvu zaidi, lakini si mara mbili kama nilivyoahidiwa na wanaojua. Kilichobadilika hasa ni kwamba sasa nguvu haipungui baada ya nusu saa, na usukani unajibu haraka. Sababu tumeipata: mota haiwezi kutoa nguvu ambayo bodi na adapta hazijaipa. Kuna stelingi ya Fanatec iitwayo CSL DD, ya mwaka 2021, ambayo mota yake imeunganishwa moja kwa moja na usukani, haina gia katikati. Ikiwa na adapta ya wati 90 inatoa nyutoni-mita 5, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Ukiiwekea adapta ya wati 180 inatoa 8. Mota ni ile ile, haikuguswa hata skrubu. G27 yetu, na mota zake mbili, inacheza kwenye nyutoni-mita mbili hivi, na gia zake ni za plastiki. Hata ukiipata nguvu ya 8, meno ya gia yatalia.

Na kuna jambo la bure ambalo ningelifanya kwanza kabla ya kutoa hata senti. Kwenye programu kuna mahali pa kupandisha nguvu ya usukani. Vijana wote wanaweka mwisho. Chukua redio ndogo uifungulie sauti hadi mwisho: inakoroma, na maneno huyasikii. Stelingi nayo inafanya hivyo hivyo. Kompyuta inataka kutoa nguvu kubwa kuliko uwezo wa mota, basi kila kinachozidi kinakatwa, na kona kali na kona kali zaidi zinakuwa na uzito mmoja. Ule wepesi wa tairi kuteleza unafunikwa humo humo. Nilipoishusha hadi karibu asilimia 70 usukani ukawa mwepesi kidogo, lakini ukaanza kusema. Nilimwita kijana mmoja anayesomea leseni, nikamwambia afumbe macho aniambie tairi zinaachia lini. Akasema "hapa." Ilikuwa hapo. Nilifurahi kuliko siku niliyofunga mota.

Ombi langu kwa wauza spea, basi, ni hili. Msibandue karatasi ya mota. Kama imekuja bila karatasi, chukueni kalamu ya rangi muandike juu ya kopo volti yake na mahali ilipotoka: drili, gari la mtoto, printa, pampu. Mita ya kupimia umeme mnayo kaunta. Mteja akiomba apimiwe ukinzani, mpimieni, ni kazi ya dakika moja. Na mteja akileta ya zamani mkononi, msilinganishe makopo kwa macho.

Kwako Mhariri, gazeti lako lina ukurasa wa teknolojia ambao mara nyingi unazungumzia simu mpya. Naomba siku moja mtumie nusu ukurasa kueleza mota za umeme wa moja kwa moja (DC), kama ule wa betri, kwa Kiswahili, volti, ampea na ukinzani, kwa michoro. Mafundi wa Soweto, Kabwe na Mwanjelwa wataukata waubandike ukutani. Binti yangu yuko tayari kuchora.

Zile mbili za drili bado ninazo. Nimeandika juu yake kwa kalamu nyeusi: VOLTI 12, DRILI. Mwenye drili iliyokufa mota aje Uyole azichukue.

Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya