Kwa nini bei ya CBM (mita ya ujazo) kutoka China haitulii, na jinsi ya kupunguza ujazo wa mzigo wako

Ukichangia kontena kutoka Guangzhou au Yiwu, unalipia nafasi. Kwa kawaida uzito huhesabiwa pale mzigo unapozidi tani 1 kwa kila CBM, kama vigae.

Bei ya nafasi hiyo inasukumwa na mafuta: mafuta ya meli baharini, dizeli ya lori kutoka kiwandani hadi bandari ya Nansha au Ningbo, na dizeli nyingine kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kariakoo. Bidhaa zenyewe nazo mara nyingi ni zao la mafuta ghafi. Beseni la plastiki, shati la poliesta na sandali za sponji vyote vimetokana nayo, kwa hiyo mafuta yakipanda yanakugusa kiwandani na tena njiani.

Kisha kuna wanunuzi wa mbali. Ulaya na Marekani zinapoagiza bidhaa za Krismasi, meli na makontena hukimbilia huko. Kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina kila mtu anataka kupakia kabla viwanda havijafungwa. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli za kwenda Ulaya zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa Dar haupiti huko, lakini safari hizo ndefu zilimeza meli na makontena ambayo yangehudumia njia nyingine.

Hayo hayako mikononi mwako. Ujazo uko mikononi mwako.

Katoni ya sentimita 60 × 40 × 50 ni CBM 0.12, katoni 25 ni CBM 3. Nguo zikibanwa na kimo kikashuka hadi 35, zote 25 zinakuwa CBM 2.1, na hujapunguza hata shati moja. Mwambie muuzaji mapema, kabla hajafunga.

Lakini usijaze katoni mpaka ivimbe. Stoo ya msafirishaji hupima palipotokeza zaidi: upana ukitoka 40 kuwa 45, katoni zile 25 zinafika CBM 3.375, na katoni iliyovimba hupasuka kwa urahisi ikipangiwa nyingine juu. Omba katoni ya matabaka matano. Mabeseni yaingie moja ndani ya jingine, na karatasi katikati, la sivyo hung'ang'aniana na kukwaruzika. Sandali zitoe kwenye maboksi bila wasiwasi. Viatu vya ngozi viache, kwa sababu sehemu ya nyuma ikibonyea wiki kadhaa kwenye joto la kontena hairudi.

Kwa ndege hesabu ni nyingine: urefu × upana × kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000, upate kilo za kulipia. Katoni ile ya kwanza inalipiwa kilo 20 hata kama mzani unasoma 9. Wasafirishaji wa haraka wengi hugawanya kwa 5000, na hapo inakuwa kilo 24. Uliza kigawanyo kabla ya kulipa.