Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: gharama ya maafa iandikwe kabla matope hayajakauka

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunaokuandikia tunafanya kazi za uthamini wa mali, uhasibu wa vyama vya msingi vya ushirika na ujenzi wa barabara huku Kusini. Ombi letu ni moja: kila kijiji cha mkoa huu kiwe na daftari la gharama za maafa, lifunguliwe sasa wakati mbingu iko shwari, na maafa yakitokea lijazwe ndani ya siku 14.

Taarifa inayotoka baada ya mafuriko au kimbunga huwa tunaijua. Inataja waliofariki, kaya zilizokosa makazi, nyumba zilizobomoka na ekari zilizozama. Takwimu hizo zinatosha kugawa unga, mablanketi na maturubai. Hazitoshi kuomba fedha za kujenga upya, wala kudai bima, wala kumbana mwenye meli au mwenye mtambo aliyesababisha ajali. Anayetaka kulipwa huulizwa maswali matatu: kilichoharibika kilikuwa na thamani gani jana yake, kipato gani kimekatika na kwa muda gani, na ushahidi uko wapi. Mwezi ukipita, maswali hayo hayajibiki tena. Matope yamefagiliwa, bati lililong'oka limeshaezekwa kwenye banda la kuku, na kila mtu anakadiria kwa kumbukumbu.

Tuanze na Somanga, kwa sababu hakuna asiyeikumbuka. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika hapo na kwingine wilayani Kilwa, magari na abiria wakakwama kwa siku kadhaa. Gharama ya kifusi, mawe, makalvati na mitambo inaonekana kwa sababu kuna hati za malipo. Gharama ya kukatika kwenyewe haina hati. Gari la mzigo linaloamua kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa linatembea zaidi ya kilomita 1,500 badala ya takriban 450. Lori lililosheheni hula lita moja ya dizeli kwa kilomita mbili hadi mbili na nusu, kwa hiyo ziada ya kilomita 1,000 ni lita 400 hadi 500. Magari 100 yakifanya hivyo, ni lita 40,000 hadi 50,000 za dizeli ambazo hazimo katika taarifa yoyote ya maafa, ingawa wananchi wanazilipa kwenye bei ya sukari na saruji. Gari linalosubiri nalo lina gharama yake: posho ya dereva na utingo, marejesho ya mkopo, barafu ya samaki, nyanya zinazooza. Kosa la kuepuka hapa ni kuliandikia gari moja gharama zote mbili za siku zilezile. Ama limesubiri, ama limezunguka.

Kuhesabu huko kunahitaji karani mmoja tu kila upande wa mkatiko, aandike namba ya gari, mzigo, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Kituo cha mizani au kizuizi cha polisi kinaweza kuifanya kazi hiyo bila kuajiri mtu mpya.

Kuna jambo la pili kuhusu barabara, na hili linatuuma zaidi. Mara nyingi daraja halivunjiki. Kinachoondoka ni tuta la udongo nyuma ya kingo zake. Maji yakizidi uwezo wa tundu la kuyapitisha chini ya barabara, au magogo na matawi yakiliziba, tuta hugeuka bwawa. Maji hupanda, huvuka juu ya lami, kisha huanza kula bega la upande wa chini hadi lami inaning'inia na kukatika. Ukirudisha tuta lilelile na kalvati la kipenyo kilekile, umenunua mkatiko mwingine. Mhandisi hawezi kukokotoa tundu kubwa zaidi kama hajui maji yalifika wapi, na alama ya maji kwenye ukuta au shina la mnazi hufutika kwa mvua chache tu. Kwa hiyo kopo moja la rangi ya mafuta ni kifaa cha uhandisi: mtendaji apake mstari penye alama, aandike tarehe na saa, apige picha akiwa ameegesha futi kamba. Alama tatu au nne juu na chini ya daraja humsaidia mhandisi kukadiria mtiririko.

Katika hesabu, gharama za barabara ziwe mafungu matatu yasiyochanganywa: kufungua njia kwa dharura, kurudisha kilichokuwepo, na kuboresha ili kisirudie. La kwanza likichotwa kwenye fedha za matengenezo ya kawaida bila kuandikwa kuwa ni la maafa, maafa yanajificha ndani ya matengenezo, na mashimo ya mwaka huo yanabaki bila kuzibwa. Mwaka unaofuata hakuna anayeweza kuonyesha fedha zilikwenda wapi.

Sasa mazao, ambako ndiko makosa makubwa yalipo. Duniani kote wathamini wa maafa hutenganisha uharibifu na hasara. Uharibifu ni mali iliyovunjika, ikithaminiwa kwa bei ya kabla ya tukio. Hasara ni kipato kilichokatika mpaka mambo yarudi kama zamani, pamoja na gharama za ziada za kuishi katika hali hiyo. Chukua mkorosho mmoja ulioangushwa na upepo, uliokuwa ukitoa kilo 10 kwa msimu. Tathmini ya haraka itaandika kilo 10. Lakini mche wa kubebesha (uliounganishwa) unaopandwa mahali pake huanza kuzaa mwaka wa tatu. Tuseme unatoa kilo 1 mwaka huo, kisha 3, 5, 7, na mwaka wa saba unafikia 10. Mkulima amekosa 10, 10, 9, 7, 5 na 3, yaani kilo 44. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 110,000 kwa mti, siyo 25,000. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari ina miti kama 28: shilingi 3,080,000 dhidi ya 700,000. Toa gharama ambazo mkulima hakuzitumia kwenye mti usiokuwepo, kama salfa (dawa ya kupulizia mikorosho), palizi na magunia, kisha ongeza bei ya mche na kazi ya kung'oa kisiki. Hapo ndipo tarakimu inasimama mbele ya mkaguzi.

Miezi nayo ina maana yake. Kimbunga kilichopiga mji wa Lindi mwaka 1952 kilikuwa cha Aprili. Kenneth, kilichotua kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2019 na kuitia Mtwara hofu, kilikuwa cha Aprili. Hidaya kilikuwa cha Mei. Wakati huo ufuta unakaribia kukomaa au unaanza kukatwa. Ufuta uliolala kwenye maji hauinuki, na uliokauka hupasua maganda yake na kumwaga mbegu chini, kwa hiyo shamba linaweza kuonekana limesimama kumbe limekwisha. Ekari iliyozama na ekari iliyopukutika ziandikwe safu tofauti. Wiki chache baadaye unaanza msimu wa kupuliza mikorosho, na barabara ikiwa bado mbovu, salfa inachelewa, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unatangulia. Upungufu huo utaonekana kwenye mizani ya chama Oktoba, miezi mitano baada ya mvua, na hakuna atakayeukumbuka kuwa ni sehemu ya maafa yaleyale. Kwa sababu hiyo daftari lisifungwe siku ya 14. Lirudiwe miezi mitatu baada ya tukio na tena baada ya mavuno.

Mashamba ya chumvi yana kanuni yake fupi: tuta likibomoka Mei na kutorudishwa kabla jua la Julai halijakaza, aliyepoteza tuta amepoteza msimu mzima. Mkopo mdogo wa kazi ya matuta mwezi Juni una thamani kuliko fidia kubwa mwezi Desemba.

Kuhusu ghala: magunia ya korosho au ufuta yakilowa, mtu wa kwanza kuyaona hukimbilia kuyatoa na kuyaanika, na hilo ni sawa kwa chakula lakini ni hatari kwa dai la bima. Mwendesha ghala atoe taarifa kwa kampuni ya bima kwa maandishi siku hiyohiyo, apige picha za rundo kabla halijaguswa, apige picha ya paa au mlango maji yalikoingilia, kisha atenganishe yaliyolowa na makavu, ayapime yote na kuhifadhi sampuli zilizofungwa kwa lakiri na kuandikwa. Yasitupwe kabla mkaguzi hajafika. Na mzigo huo uhesabiwe mara moja tu. Tumeona hesabu ambamo mkulima ameandika gunia lake, chama cha msingi kimeliandika, na ghala limeliandika. Stakabadhi ya ghala ndiyo inayoamua ni la nani. Vivyo hivyo dukani: bidhaa zilizoharibika ni uharibifu, lakini hasara ni faida iliyokosekana, siyo mauzo yote.

Mheshimiwa, tumezungumzia mvua. Mkoa huu una gesi pia. Kisima cha kwanza cha Songo Songo kiligundua gesi mwaka 1974 na tangu 2004 gesi yake inaendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Bomba la gesi kutoka Madimba, mkoani Mtwara, linakatiza mkoa mzima, na Likong'o panapangwa kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika. Gesi yetu ni kavu, karibu yote ni methani, kwa hiyo ikivuja haitapaka ufukwe mafuta meusi. Hatari yake ni moto, mlipuko, na eneo la bahari au ardhi kufungwa. Mafuta mazito yanakuja na meli. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya MV Wakashio, isiyobeba mafuta kama shehena, ilipanda mwamba Mauritius. Mafuta ya kuendeshea injini yake yalianza kuvuja tarehe 6 Agosti na kufikia takriban tani 1,000. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 12. Siku 12 zinatosha kabisa kupiga picha mikoko, kupima samaki wanaovuliwa na kuorodhesha kila mtumbwi, ikiwa watu wanajua la kufanya.

Ajali ya Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini katika Ghuba ya Mexico, iliua watu 11 tarehe 20 Aprili 2010 na kisima kikamwaga mafuta kwa siku 87. Gharama ya BP, kampuni ya mafuta iliyowajibika, ilipita dola bilioni 65. Fedha hizo hazikutoka kwa huruma. Kabla mafuta hayajagusa ufukwe, wataalamu walikuwa wameshachukua sampuli za mchanga na maji, hivyo hali ya kabla ikathibitika. Na hata huko, wavuvi waliouza kwa fedha taslimu bila risiti walipata taabu kuthibitisha kipato chao. Mvuvi wa Kilwa Kivinje au Songo Songo yuko katika hali hiyohiyo leo. Vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za ufukweni, vikiandika kila siku chombo, aina ya zana, kilo na bei, kitabu hicho ndicho kitakachomlipa siku ya ajali. Kwa wanawake wa mwani na waokota pweza wanaotembea kwa miguu bila leseni ya chombo, hakuna ushahidi mwingine utakaokuwepo, na tunaomba wasiachwe nje ya kitabu.

Tusitegemee bima peke yake. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza ilichapisha mwaka 1993 matokeo ya uchunguzi wa maeneo kadhaa ya kazi: kwa kila pauni ya gharama zenye bima, gharama zisizo na bima zilikuwa pauni 8 hadi 36. Ghala linaweza kulipwa magunia na bado likabaki na deni.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imekwisha kuweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, kwa hiyo hatuombi chombo kipya. Tunaomba uwaelekeze wakurugenzi wa Kilwa, Manispaa ya Lindi, Mtama, Nachingwea, Ruangwa na Liwale wafanye haya kabla ya Novemba. Kila kijiji kipewe daftari gumu, futi kamba ya mita 50, kopo la rangi na mtu mmoja mwenye simu inayopiga picha na kuonyesha mahali. Kila robo mwaka halmashauri ibandike bei za bati kwa geji, mfuko wa saruji, kipande cha wavu, mtumbwi na mche wa mkorosho, maana baada ya maafa bei hupanda na lile ongezeko lazima liandikwe peke yake. Nyumba ziandikwe kwa mita za mraba na aina ya ukuta na paa, kwa kuwa "nyumba 40 zimebomoka" ni tarakimu isiyo na bei. Na nakala ya daftari ihifadhiwe mahali pa juu, nje ya ofisi ya kijiji, kwani ofisi nayo hufurika.

Mafunzo ya siku mbili kwa watendaji wa kata yanatosha kuanza. Tunapendekeza yaanzie Kilwa, tarafa zinazopitiwa na barabara kuu, na tuko tayari kuyaendesha bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wathamini, wahasibu wa ushirika na mafundi wa barabara,
Lindi na Mtwara

Nakala: Wakurugenzi wa halmashauri zote sita za mkoa