Sio Wachina wote wanaokula jiaozi

Mhariri,

Makala yenu ya mwaka mpya wa Kichina nimeisoma yote, ni tamu, ila mwandishi kaandika kama vile Wachina wanapika kilekile toka enzi za wafalme mpaka leo, na hapo mi nakataa.

Chukua Sichuan, jimbo la kusini-magharibi mwa China. Ukitaja Sichuan watu wanawaza pilipili, kumbe pilipili asili yake ni Amerika na China ilifika kwenye karne ya 16 hivi, kabla ya hapo ukali walikuwa wanautoa kwenye tangawizi na zile punje zao zinazotia ganzi ulimi. Ilivyofika wakaichachusha na maharage, Pixian pale karibu na Chengdu, mji mkuu wa jimbo hilo, ikatoka doubanjiang, ile rojo nyekundu ya kukolezea chakula, ambayo bila hiyo huwezi kupika mapo tofu, vile vipande laini vya soya kwenye mchuzi mkali. Sasa nenda kamwambie bibi wa Chengdu pilipili sio mila yake uone! Na nyanya wanazokaanga na mayai karibu kila nyumba, nazo zimetoka hukohuko Amerika.

Kitu mlichoruka kabisa ni mtungi wa paocai, yaani mboga za kuchachushwa kwenye maji ya chumvi. Mdomoni una kamfereji, unakajaza maji alafu unafunika na kibakuli, gesi inatoka inabwabwaja ila hewa ya nje haipiti. Figili zinaingia, kabichi, tangawizi, pilipili, zikiiva zinatolewa zinaliwa, lakini yale maji ya chumvi hayamwagwi, yanaongezewa tu miaka na miaka, na binti akienda kuanza maisha yake anachota kidogo ya mama yake akaanzishie mtungi wake. Atakachotumbukiza humo ni juu yake, hakuna anayemuuliza.

Halafu jiaozi, vile vifuko vidogo vya unga wa ngano vinavyojazwa nyama au mboga. Mmesema Wachina wote wanazila mkesha wa mwaka mpya, sio kweli, hiyo ni kaskazini kwenye ngano, huko ndo familia nzima inakaa mezani huyu anasukuma unga yule anakunja, wengine wanaficha sarafu ndani ya moja na atakayeing'ata ndo mwenye bahati. Kusini kwenye mchele wengi wanakula niangao, keki ya unga wa mchele wa kunata.

Hata UNESCO mwaka 2024 ilivyoiweka sikukuu hii kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, iliorodhesha namna watu wanavyoisherehekea, sio resipe. Mwakani mkiandika tena naomba watu wa kusini msiwasahau, na muingie majikoni kwa watu, mahotelini tumeshapaona sana.

Msomaji wenu wa siku zote