Wanangu wanafunzi wa udaktari, nani amechukua historia yenu?

Wanangu,

Nimestaafu udaktari, lakini bado naukumbuka woga wa mwanafunzi anayejibanza nyuma ya wenzake kwenye raundi ya wodi, akiomba asiulizwe. Tuliulizwa mengi, dalili, dozi, majina ya mishipa. Mgonjwa tulimchukua historia, yaani tulimuuliza habari za afya yake, lakini swali la hali zetu wenyewe sikumbuki mwalimu aliyeliuliza, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Korona ilipoingia, wengi wenu mlitolewa wodini. Marekani, Machi 17, 2020, chama cha vyuo vya udaktari kilivishauri vyuo visitishe kwa muda mafunzo ya wanafunzi kwa wagonjwa. Italia, mwezi huohuo, serikali iliwaondolea wahitimu mtihani wa leseni ili waingie kazini upesi. Basi mmoja alibaki chumbani na mihadhara ya kompyuta, akijiona amewakimbia wenzake. Mwingine alisimama wodini na barakoa kutwa nzima, akijiona amevaa koti lisilo lake. Wote wawili walijihukumu, na hakuna aliyekosa.

Hapo pa kujihukumu nataka nikae kidogo, maana naona kunaumiza kuliko hofu. Mwenye hofu ana la kufanya: atanawa, atavaa barakoa, atalala chumba cha peke yake asiwaambukize wazazi. Anayejihukumu hana pa kushika. Anajiambia hana haki ya kuchoka, kwani wapo waliochoka zaidi. Hana haki ya kulia, kwani marehemu hakuwa ndugu yake. Nikiwa mwanafunzi, mzee niliyekuwa namfuatilia alifariki usiku. Asubuhi kitandani pake alilala mtu mwingine, nami nikaulizwa majibu ya damu ya huyo mpya. Nikayataja yote bila kukosea. Miezi mitatu baadaye nilipoteza kalamu, nikalia mpaka nikashindwa kusimama. Nilidhani nimerukwa na akili. Kumbe ulikuwa msiba uliokosa matanga.

Haya hayakuanza na kizazi chenu. Mwaka 1918, homa kali ya mafua ilipoifika Philadelphia, Marekani, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipewa mhadhara mmoja tu juu ya ugonjwa huo, kisha wakapelekwa kuhudumia wagonjwa. Mmoja wao, Isaac Starr, alikuwa mwaka wa tatu. Kumbukumbu zake za siku hizo alizichapisha mwaka 1976, akiwa mzee. Ni miaka 58. Ninyi msikae na yenu muda wote huo.

Tena mzigo huu ulikuwepo hata kabla ya korona. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, ukijumlisha tafiti za nchi zaidi ya 40, ulikuta kwamba kati ya wanafunzi 100 wa udaktari, wapatao 27 walikuwa na sonona au dalili zake, na 11 walikuwa na mawazo ya kujiua. Waliokutwa na dalili na kisha wakatafuta tiba hawakufika hata 16 katika kila 100. Takwimu hii ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi. Watu wanaosomea kutibu hawaendi kutibiwa! Wanaogopa jina litabaki kwenye faili, na siku ya kuomba leseni waonekane hawafai. Walimu wenzangu, hofu hiyo tumeipanda sisi, kila tulipomsifu mwanafunzi aliyekuja zamu akiwa na homa.

Mwaka 2017 Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari wa dunia, liliongezewa ahadi kwamba daktari atatunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Kwa hiyo ukienda kwa mshauri nasaha hujakimbia wajibu; unautimiza.

Dalili za sonona mnazijua. Huzuni ya wiki mbili isiyoondoka, usingizi uliopotea au uliozidi, kitu ulichokipenda kisichokugusa tena. Mngeziandika kwenye faili la mgonjwa bila kusita, basi msizifute zikiwa zenu. Dawa za usingizi msijiandikie wala msiombane kimyakimya. Tafuteni daktari asiyewasahihishia mitihani, mseme yote.

Na yule mwenzenu aliyenyamaza, ambaye siku hizi anajibu "niko poa" tu, mpigieni simu leo. Mkiingiwa na shaka, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia upweke. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, muondoleeni chochote kilicho karibu naye anachoweza kujidhuru nacho, na mmpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo, hata kama kesho yake kuna mtihani. Mtihani utarudiwa.

Mzee wenu,
daktari mstaafu