Jiwe la Baba

Shoga yangu Rehema,

Salamu zote baadaye. Sitaki ulale na maelezo ya Bakari, eti jiwe la Baba kwenye kibofu cha mkojo limetokana na mchanga aliomeza kwenye chakula! Chakula hakina njia ya kufika kibofuni kikiwa mchanga.

Mkojo wa kila mtu hubeba chumvichumvi: kalsiamu, fosfeti, asidi ya yuriki. Kibofu kikimwaga mkojo wote, chumvi hizo hutoka kabla hazijashikana. Tezi dume ya Baba imekua, imebana njia, kwa hiyo kila akienda haja ndogo kuna mkojo unaobaki. Humo ndimo jiwe linamotengenezwa: chumvi huganda kuwa fuwele, fuwele zikashikana, tabaka juu ya tabaka. Bakteria wakiingia ni balaa jingine. Wale wa aina ya Proteus huvunja yurea, taka iliyomo mkojoni, ikawa amonia, mkojo ukapoteza uasidi, na mawe ya magnesiamu na fosfeti hukua upesi. Mkojo wenye uasidi mkali, pH (kipimo cha uasidi) chini ya 5.5, huleta mawe ya asidi ya yuriki, na hayo hayaonekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida. Ndiyo maana eksirei ilitoka safi, altrasaundi ikalionyesha.

Ule mkojo unaokatika ghafla, akigeuka unaendelea, ni jiwe linaziba mlango wa kibofu. Damu ya mwishoni mwa kukojoa nayo: kibofu kinajikunja, jiwe linakikwaruza.

Maji anywe, yanapunguza ukali wa mkojo, lakini hayafungui njia iliyobanwa. Ile chupa ya Bakari ya "kupasua mawe"… basi, niishie hapo.

Narudi kwenye tezi. Jiwe linaweza kuvunjwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, au likiwa kubwa mno wakampasua Baba. Ila wakilitoa na tezi wakaiacha ilivyo, mkojo utaendelea kubaki na jingine litaanza. Usikubali mpango wa jiwe peke yake.

Je, walipima mkojo unaobaki baada ya kukojoa? Mililita ngapi? Waliuotesha maabara kuangalia bakteria? Ana homa? Ule mpira wa mkojo alikaa nao muda gani? Mpira ukikaa sana nao huota magamba ya chumvi. Na akishindwa kukojoa kabisa, hata usiku wa manane, nani atamfikisha hospitali?

Wako,
Mwanaidi